Moto Ukae Upande Gani

Mara ya kwanza nilipohudhuria ibada ya wafuasi wa Wika, dini ya kisasa ya kipagani, huko kusini mwa Uingereza, nilikabidhiwa mshumaa mwekundu na kuelekezwa niuweke upande wa kusini wa duara. Bakuli la maji lilikuwa magharibi, chetezo kikifuka mashariki kwa ajili ya hewa, na kaskazini paliwekwa kisahani cha chumvi kuwa alama ya udongo. Mama aliyeongoza ibada alizunguka kwa kufuata mwendo wa jua, akisimama kila upande ili kuwakaribisha walinzi wake, nami nilisimama kimya, nikiwa nimeguswa kuliko nilivyotarajia. Hata hivyo, niliondoka na swali ambalo halijaniacha tangu siku hiyo: kwa nini moto ukae kusini?

Nilikozaliwa, Tanga, neno "mpagani" hutamkwa kama tusi. Hawa niliokutana nao wamelichagua wenyewe na hulitaja kwa heshima, kwa hiyo nami nitalitumia kwa heshima hiyo hiyo.

Asili nne zenyewe, yaani moto, maji, hewa na udongo, ni za zamani sana. Empedocles, Mgiriki wa Akragas katika kisiwa cha Sicily, alizitaja katika karne ya 5 kabla ya Kristo, akaziita mizizi ya vitu vyote. Kuzigawa katika pande za dira ni jambo jingine, na hapo ndipo wataalamu wanapotofautiana. Katika unajimu wa Waarabu, ambao ndio uliofika pwani yetu kwa jina la falaki, buruji, yaani alama za nyota, za moto ni za mashariki, za udongo ni za kusini, za hewa ni za magharibi na za maji ni za kaskazini. Marehemu mjomba wangu alikuwa na mpangilio huo kichwani, na angeshangaa kuuona mshumaa wangu ulipowekwa. Mpangilio wa duara la Wika umepitia njia nyingine. Éliphas Lévi, mwandishi wa mambo ya uchawi aliyeandika Ufaransa katika miaka ya 1850, aliweka roho za hewa mashariki, za moto kusini, za maji magharibi na za ardhi kaskazini. Chama cha siri cha Golden Dawn, kilichoanzishwa London mwaka 1888, kiliutumia mpangilio wa namna hiyo katika ibada zake, na kutoka katika mkondo huo ukaingia kwenye Wika ya Gerald Gardner, Mwingereza aliyeieneza dini hiyo na aliyejitokeza hadharani na kitabu chake mwaka 1954, miaka mitatu baada ya Uingereza kufuta sheria ya uchawi ya mwaka 1735.

Ukiishi Uingereza mwaka mzima, mpangilio huo huhitaji maelezo machache. Jua la adhuhuri huko haliondoki upande wa kusini, iwe Juni au Desemba. Bahari kuu ya Atlantiki iko magharibi, na mvua nyingi hutokea huko. Kaskazini ndiko jua lisikosimama kamwe mchana, upande wa baridi na giza, nao wameupa udongo, mawe na mifupa ya wafu. Ninaamini kwamba mpangilio huu umedumu kwa sababu mwili unaukubali: ukigeukia kusini wakati wa mchana, uso wako unapata joto kwelikweli. Kinachonishangaza ni kwamba Gardner mwenyewe aliishi miaka mingi Ceylon, Borneo na Malaya, karibu na ikweta, na bado duara aliloliacha ni la mtu anayelitazama jua kutoka Uingereza.

Wapagani wa Australia waliliona tatizo hili mapema, kwa kuwa jua lao la adhuhuri liko kaskazini. Wengi wao wamehamishia moto huko, na huzunguka duara kinyume cha mishale ya saa, maana ndivyo jua linavyokwenda kwao. Wapo wanaoshikilia mpangilio wa zamani kwa hoja kwamba ni alama tu. Hoja hiyo siikubali. Mtu anayesema kwamba anaiheshimu ardhi aliyosimama juu yake anapaswa kwanza kuitazama.

Basi nilipokwenda nyumbani mwezi Desemba, nilisimama ufukweni nikajaribu kupanga duara langu. Maji hayakuwa na mjadala, kwani bahari yetu iko mashariki. Udongo nao ulijipa nafasi, kwa kuwa milima ya Usambara iko upande wa magharibi. Zilibaki pande mbili, na hapo lugha yetu ilinisaidia kuliko kitabu chochote, kwa sababu kaskazini ni kunakotoka kaskazi na kusini ni kunakotoka kusi. Sisi pande hizi mbili tumezipa majina ya pepo.

Lakini hewa haiwezi kukaa pande zote mbili kwa wakati mmoja, na moto lazima upate mahali. Desemba ile kaskazi ilikuwa ikivuma, na nilipotazama kivuli changu wakati wa adhuhuri niliona kimelala kuelekea kaskazini, yaani jua lilikuwa kusini. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mapema Oktoba hadi mapema Machi jua la adhuhuri huwa kusini mwetu, na miezi iliyobaki huwa kaskazini. Kusi huvuma katika miezi hiyo iliyobaki. Moto na hewa, basi, hubadilishana viti kila mwaka, na si kwa bahati: jua likihamia upande mmoja wa dunia, nchi kavu ya huko hupata joto, hewa yake hupanda, na upepo huvutwa kutoka upande wa pili kwenda kuijaza nafasi hiyo. Moto ndio unaoita upepo, nao upepo huvuka juu yetu ukiufuata. Jahazi za mababu zetu zilikwenda Arabuni na kurudi kwa wito huo.

Nilimweleza haya yule mama aliyeongoza ibada niliporudi Uingereza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza ningeuweka wapi mshumaa kama ningekuwa Tanga mwezi Julai. Nilimjibu kwamba ningeuweka kaskazini, na chetezo kusini. Kwake ninaendelea kuuweka kusini, kwa sababu huko ndiko jua lake liliko.