Nikalala Mchujo Ukapita

Tarehe 9 Agosti 2022 ilikuwa Jumanne, Kenya ikipiga kura ya urais. Mimi sikuwa mpigakura wao. Kwa sisi wa Marekani tume ya uchaguzi ya Kenya ilikuwa imeweka vituo Washington, New York na Los Angeles, nami niko Minnesota. Nilipiga hesabu ya nauli ya ndege kwenda kujiandikisha, kisha nauli nyingine ya kwenda kupiga kura, nikaachana nayo. Lakini roho haiachi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa zamu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Vituo vya Kenya vilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, yaani kwetu saa nne usiku Jumatatu. Naingia kazini saa tano, tayari simu imejaa picha za foleni. Saa tisa mzee mmoja akaamka kutaka maji, akaona mwanga wa simu mfukoni mwangu, akauliza: "Umeshapiga kura?"

"Bado wanapiga," nikamjibu. "Wako kwenye foleni tangu saa nne."

Akanitazama kama mtu anayejiuliza kati yetu nani kachanganyikiwa. "Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi," akasema taratibu, akarudisha kichwa kwenye mto.

Mzee alikuwa anazungumzia kura ya mchujo ya Minnesota, ile ya kuteua wagombea wa vyama. Ilikuwa siku hiyohiyo! Nilikuwa raia wa huku, nimeandikishwa, na nilikuwa nimeisahau kabisa.

Nieleze kidogo kwa mlio nyumbani. Huku mchujo hauendeshwi na chama. Unaendeshwa na serikali, kwa karatasi zilezile na makarani walewale, Jumanne ya pili ya Agosti. Huhitaji kadi ya chama. Unapewa karatasi moja yenye safu za vyama, unachagua safu moja na kubaki humohumo. Ukichanganya, kura zako za vyama zinaharibika. Na ukishindwa hapa, basi: huwezi kuibuka Novemba eti mgombea huru. Hilo nilipomweleza mama yangu alicheka sana. "Sasa walioangushwa wanakwenda wapi?" Mchujo anaoujua yeye, mshindi wa usiku si lazima awe ndiye mwenye cheti asubuhi.

Wakati huo nilikuwa naishi Minneapolis, jimbo la tano la Bunge la Marekani. Kiti kile kimeshikwa na chama cha Democratic tangu 1963. Hapa kinaitwa DFL, maana mwaka 1944 kiliungana na chama cha wakulima na wafanyakazi. Kwa hiyo Novemba kwetu ni sherehe tu. Mbunge anapatikana Agosti. Lakini Agosti watu wako ziwani na mahema yao, na wapigakura wa Minnesota wanaojitokeza huwa hawafiki hata robo.

Mbunge aliyekuwa anatetea kiti ni Ilhan Omar. Siasa zake kuna wanaozipenda na kuna wasiotaka hata kulisikia jina, na leo sigombani na mtu. Ila kabla ya kuletwa Marekani mwaka 1995 alikaa miaka minne kambi ya wakimbizi ya Utange, Mombasa. Mama yangu alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga njia ya kambi hiyo. Kila jina hilo likitajwa hurudia palepale: "Huyo mihogo yangu ameila." Ushahidi hana, lakini kumbishia nani atathubutu?

Basi nilitoka zamu saa moja asubuhi. Kituo changu kilikuwa ukumbi wa michezo wa shule, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nikasema nikaoge kwanza. Saa tatu ya huku Kenya wakafunga vituo, na fomu za 34A, zenye matokeo ya kila kituo, zikaanza kumiminika kwenye tovuti ya tume, kituo kimoja kimoja, kila mtu anajumlisha mwenyewe. Kwenye kundi letu la WhatsApp watu waliokuwa wamekula nyama choma pamoja wiki iliyotangulia walikuwa wanatoana roho juu ya Raila na Ruto, na sijui kama alikuwemo hata mmoja mwenye kura. Nami nilikuwemo, na kalamu na daftari. Nikashtuka kochini saa mbili na robo usiku. Vituo hufungwa saa mbili.

Ilhan alipata asilimia 50.3, mpinzani wake Don Samuels, mzaliwa wa Jamaika, 48.2. Tofauti haikufika kura 2,500. Siku sita baadaye Chebukati, mwenyekiti wa tume ya Kenya, akatangaza pale ukumbi wa Bomas, Nairobi: Ruto 50.49, Raila 48.85. Mabishano ya hizi za pili niliyashiriki mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua Septemba. Zile za kwanza nilizisoma mara moja tu, kwa aibu.

Agosti 13, 2024 nilikuwa nimehamia Brooklyn Park, kwenye Waliberia wengi na sisi Wakenya tumejazana. Kiti cha 38A cha bunge la jimbo zima la Minnesota, si lile la Washington, kilikuwa wazi. Katika mchujo wa DFL walichuana Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, na Wynfred Russell, mzaliwa wa Liberia. Huldah alishinda, na Novemba akaingia bungeni. Safari hii sikuoga. Nilitoka zamu na sare yangu moja kwa moja, nikampitia jirani yangu, mama wa Nyamira aliyekuwa ameapa uraia mwaka uleule. Leseni yake ilikuwa na anwani ya zamani, lakini sheria inaruhusu mpigakura wa kituo hichohicho kukudhamini. Nikatia sahihi kiapo kwamba namjua na anaishi pale. Karani akaniambia naweza kudhamini watu hadi wanane.

"Kumbe barua ya chifu huku unaandika wewe!" akasema mama.

Mashine iliirudisha karatasi yake mara ya kwanza. Alikuwa ameweka alama safu zote mbili, asionekane mbaguzi. Akapewa nyingine, akarudi kibandani. Ilipopita, karani akamkabidhi stika nyekundu. Mama akaibandika kwenye mkoba, kisha akanyoosha kidole kidogo cha mkono wa kushoto juu ya meza, akasubiri wino.