Namna nilivyoiokoa shingo yangu bila kuacha mashine

Mshonaji hufanya kazi kwa macho, mikono na miguu, lakini mzigo wote huishia shingoni na kiunoni. Mimi nashona Kadutu, hapa Bukavu, kwa mashine ya kukanyaga, na kwa muda mrefu niliamini maumivu hayo ni sehemu ya kazi. Mama aliyenifundisha kushona alikuwa amepinda mabega, wenzake wa rika lake vilevile, na hakuna aliyeuliza sababu. Naandika kwa sababu sasa najua halikuwa jambo la lazima, na kwa sababu wasichana wanaoanza kazi hii leo wana miaka mingi ya kukaa kwenye stuli.

Kwangu hali ilifika mwisho wakati wa kazi za tarehe 8 Machi. Anayeishi Kongo anajua: siku hiyo ya wanawake kila kikundi, kuanzia kanisani hadi sokoni, kinataka kikwembe chake, yaani kitenge, kimeshonwa, na wote wanakileta juma la mwisho. Maumivu yalianzia chini ya kisogo, yakapanda hadi juu ya jicho. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinachomachoma. Usiku nageuka huku, nageuka kule. Nilikuwa namaliza siku kwa vidonge vya ibuprofen vya famasi ya jirani, na tumbo likaanza kuwaka. Dawa za aina hiyo, pamoja na diclofenac, zikitumiwa muda mrefu huumiza tumbo na figo, na wengi wetu tunazinunua bila kuulizwa lolote.

Aliyenisaidia ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali moja ya mjini. Nilitegemea ataanza kwa kunikanda shingo. Badala yake alivuta kiti na meza, akanipa kipande cha kitambaa, akasema, “Mama, kaa kama unavyokaa kazini.” Akaninyamazia, akiniangalia ubavuni. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea: “Sindano unaiona vizuri?”

Nilikuwa siioni vizuri. Baada ya miaka 40 hivi, macho ya karibu huanza kuchoka kwa karibu kila mtu, na mshonaji asiye na miwani hupeleka uso kwenye uzi. Kichwa kinafuata macho, shingo inafuata kichwa, mgongo unafuata shingo. Unaweza kumwambia mtu huyo “kaa wima” kutwa nzima. Atakaa wima dakika mbili, halafu atarudi palepale, maana kazi yake haionekani akiwa wima. Miwani ya kusomea, ile ya kawaida kabisa, ilinisaidia kuliko dawa zote nilizomeza. Pia niligeuza mashine ili mwanga wa dirisha utokee kushoto, upande ambao mkono wangu hauufunikii kivuli.

Alinieleza pia kwa nini kuinama kidogo kunaumiza hivyo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5.5 hivi. Kikiwa juu ya mabega, mifupa ndiyo inayokibeba. Kikitangulia mbele, misuli ya nyuma ya shingo inabaki imekivuta muda wote. Daktari mpasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, alikokotoa mwaka 2014 kwamba kichwa kikiinama kwa pembe ya nyuzi 60, mzigo unaoilemea shingo unafika kilo 27 hivi. Hesabu yake ilihusu watu wanaoangalia simu, lakini mimi nilijiona mwenyewe juu ya pindo la gauni. Kilo 27 ni zaidi ya bido la maji la lita 20, na hakuna anayekaa na bido kichwani tangu asubuhi hadi giza.

Halafu yule mtaalamu wa mazoezi akanipa neno ambalo nimelishika: “Kazi ije kwako, Mama. Usiifuate.” Mabadiliko yote niliyofanya baadaye yametoka hapo.

Nilianza na stuli. Nilikuwa nakaa mbali na mashine, nimejinyoosha kuifikia. Niliisogeza hadi sindano ikawa mbele ya pua yangu sawasawa, si pembeni, kwa sababu aliyekaa upande anapinda mgongo mara mbili, mbele na pembeni. Juu ya stuli nilikunja blanketi kuukuu, nene zaidi nyuma, ili nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Jaribu mwenyewe: magoti yakiwa juu kuliko nyonga, kiuno kinajikunja nyuma chenyewe, nyonga zikiwa juu, mgongo unasimama bila kulazimishwa. Chini ya miguu ya nyuma ya meza ya mashine seremala alitia vipande viwili vya mbao, meza ikainama kidogo kunielekea. Nyayo zote mbili zinalala juu ya pedali, viwiko viko karibu na mbavu, mabega yameshuka. Mabega ndiyo yaliyonichelewesha. Nilikuwa nayapandisha bila kujua kila nilipofika kwenye kola.

Meza ya kukatia ilikuwa na kasoro kubwa zaidi. Ilifika katikati ya mapaja yangu, kwa hiyo kukata kikwembe kimoja ni kuinama kama mtu anayepalilia. Tuliiinua kwa matofali chini ya kila mguu mpaka ikafika kiunoni. Jioni ya kwanza nilikata nikiwa nimesimama, mguu mmoja juu ya kisanduku kidogo, nikiubadilisha na mwingine, na nilishangaa kiuno kilivyonyamaza.

Kuna utafiti mmoja wa zamani ambao mshonaji hawezi kuusahau, maana ulifanywa kwa sindano. Katika miaka ya 1960, Alf Nachemson, daktari wa mifupa wa Uswidi, alichoma sindano yenye kipimo ndani ya visahani vilivyo kati ya pingili za mgongo, kwa watu walio hai, akapima mgandamizo. Aliyekaa akainama mbele alivibana visahani vyake zaidi kuliko aliyesimama wima. Na visahani hivyo, kwa mtu mzima, karibu havina mishipa ya damu ndani. Hupata maji na chakula chake mwili unapocheza, vikibanwa na kuachiliwa. Ndiyo maana hata ukikaa vizuri kabisa, ukikaa hivyo saa tatu bila kutikisika, bado unavinyima. Watafiti wengi siku hizi hawazungumzii tena mkao mmoja mtakatifu wa kila mtu. Wanasisitiza kubadilisha mkao.

Kwa hiyo kazi yangu nimeipanga upya. Zamani nilikuwa nakata nguo zote asubuhi na kushona zote mchana. Sasa nakata moja, naishona, nasimama kuipiga pasi, narudi. Bobini ikiisha uzi, siibadilishi nimekaa: nasimama, nanyoosha mikono, navuta kidevu nyuma taratibu bila kuinua uso, nakutanisha mabega nyuma, ndipo nakaa. Nguo hazikupungua. Kwa kweli mishono ninayoikosea na kuifungua imepungua, kwa sababu jioni mkono wangu bado una nguvu.

Pumzi ni jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo. Jikunje sasa hivi, kifua kikiangalia tumbo, uvute hewa. Kisha inuka uvute tena. Aliyejikunja amezibana mbavu na amelisukuma tumbo juu, kiwambo cha chini ya mapafu hakina pa kushukia. Nilikuwa nafika nyumbani nimechoka mwili mzima, nikadhani ni damu kupungua. Hata kiungulia cha usiku kimepungua sana, ingawa hapo nimeacha pia vidonge na siinami tena mashineni mara baada ya kula.

Usingizi ulirudi polepole. Nilikuwa nalalia mito miwili minene ya sponji. Nimebaki na mmoja unaojaza nafasi kati ya bega na sikio, na nikilala ubavu naweka kitambaa kilichokunjwa kati ya magoti.

Kuhusu maji: mji wetu ni milima, na bido lazima lipande. Badala ya lita 20 kwa mkono mmoja nabeba mabido mawili ya lita 10, moja kila upande, na nikiyainua nachuchumaa, nayasogeza karibu na mwili, napanda kwa nguvu ya mapaja. Wale mama wanaobeba magunia kwa kamba ya kichwani, wakipandisha bidhaa kwenye vilima vyetu, wao hawana nafasi ya kuchagua hivi, na roho inaniuma kila ninapopishana nao. Mkao mzuri unahitaji mzigo unaobebeka kwanza.

Maumivu ya kiuno si yetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani linataja watu milioni 619 waliokuwa nayo mwaka 2020, mmoja kati ya 13. Mengi hupungua kwa kutembea, mazoezi na kurekebisha kazi. Lakini kuna maumivu yasiyosubiri blanketi wala matofali: ganzi kati ya mapaja, mguu unaolegea, mkojo au choo kinachotoka bila kuhisi, hapo nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa ya jioni, kukonda, jasho la usiku pamoja na uti wa mgongo unaouma mahali pamoja navyo havifai kupuuzwa, kwa sababu kifua kikuu huingia hata kwenye pingili, na kwetu ugonjwa huo upo. Kikigunduliwa mapema kinatibika.

Mimi shingo bado hunikumbusha wiki zile za mwanzo wa Machi, lakini vidole havichomi tena, na vidonge sinunui. Kwenye karakana sasa kuna wasichana wanaojifunza, mmoja mrefu sana, mwingine mfupi, na walikuwa wanapeana stuli ileile. Wa kwanza alinisikiliza kwa heshima tu, “Ndiyo, Mama,” kisha akarudi kujikunja. Nilipomtilia mbao chini ya mashine ndipo akakaa vizuri bila mimi kusema. Tangu hapo kila anayekuja tunampima urefu wa goti na wa kiwiko siku ya kwanza, seremala anamtengenezea stuli yake, na ndipo anapewa kitambaa.