Maziwa yalipotea siku ya kwanza tu

Watu wakiongelea Shamba la Wanyama ya George Orwell, ile ya 1945, wengi wanakimbilia mwisho, nguruwe wanatembea kwa miguu miwili na kucheza karata na binadamu. Mi naona mambo yaliharibika mapema zaidi, kesho yake tu baada ya wanyama kumfukuza Jones, mwenye shamba. Ng'ombe wanakamuliwa, ndoo tano zinajaa, mmoja anauliza haya maziwa tunayafanyaje, nguruwe Napoleon anasimama mbele ya ndoo anawaambia hayo yasiwasumbue, kazi ya shamba kwanza. Jioni wanarudi, maziwa hayapo. Na hapo hakuna mbwa wakali bado, hakuna aliyechinjwa, hakuna hata cheo.

Halafu kuna kitu wasomaji wengi wanakiruka kwa sababu wanampenda Snowball, nguruwe ambaye Napoleon alikuja kumfukuza: kwenye ishu ya nguruwe kujitengea maziwa na matofaa, nguruwe wote walikubaliana, Snowball naye yumo!! Kwa hiyo hii habari ya "angebaki yule mwingine ingekuwa poa" mi siinunui.

Ndo maana ule msemo kwamba madaraka yanaharibu naona umekaa nusunusu. Anayeharibu zaidi ni msemaji. Squealer, nguruwe msemaji wa wakubwa, anakuja anaeleza kwamba nguruwe wengi hata hawapendi maziwa, wanajilazimisha tu kwa faida ya wote, na mkikataa Jones atarudi, basi kila mtu kimya. Baada ya hapo kiongozi hahitaji hata kuwa na akili, kila anachotaka kitapatiwa sababu, vitanda, pombe, mpaka Boxer, yule farasi mchapakazi, kuuzwa kwa wachinja farasi eti anapelekwa hospitali.

Macbeth wa Shakespeare, anayeua ili awe mfalme, hana msemaji, anajieleza mwenyewe, na inatisha kivyake. Kabla ya kumuua mfalme Duncan anasitasita, anaona kisu hewani, akishaua anashindwa kutamka Amina. Kwa Banquo, rafiki yake kabisa, anatuma watu na mkewe hamwambii. Akifika kwa mke na watoto wa Macduff, mkubwa aliyemgeuka, hakuna tena kusitasita, na hao hata hawakuwa tishio kwake.

Shaaban Robert kwenye Kusadikika (1951) kaliweka vizuri zaidi kwa upande wa wanaosema ukweli. Karama anashtakiwa kwenye nchi ya kubuni ya Kusadikika, mshtaki ni waziri Majivuno, na utetezi wake wote ni kuwakumbusha wakubwa wale wajumbe sita waliotumwa nje wakarudi na mawazo mazuri, wakaishia gerezani. Wakubwa hawakukosa habari kabisa, waliletewa mara sita!

Ila anayeniuma kuliko wote ni mfalme Kreoni wa kwenye Antigone ya Sophocles, aliyekataza Polyneices asizikwe na kumfungia Antigone pangoni kwa kumzika kaka yake huyo, kwa sababu yeye alisikia. Mwanae Haemon, mchumba wa Antigone, alimwambia mji si mali ya mtu mmoja, akamfokea, lakini baadaye nabii Tiresia alimtisha kweli na akabadili msimamo. Wazee wakamshauri akamtoe kwanza Antigone pangoni, halafu amzike Polyneices. Yeye akaanza na mazishi, alipofika pangoni binti kashajinyonga, Haemon akajiua hapohapo, na mama yake Haemon naye akafuata. Nimeisoma hiyo sehemu mara nyingi na bado nabishana naye kwa sauti, we mzee ushaambiwa uanze na aliye hai.