Baiskeli ya umeme kutoka volti 36 hadi 48: kumbukumbu ya mradi wangu, Tanga

Baiskeli yenyewe ni mtumba: fremu ya chuma, tairi za inchi 26, na mota ya wati 250 yenye gia ndani, iliyofungwa gurudumu la nyuma. Betri iliyokuja nayo ilikuwa ya volti 36 na ilishachoka. Natoka Pongwe na chaji kamili, nikifika mjini taa ya mwisho inawaka, na njia yote ni kama kilomita 15 tu. Kununua nyingine ya aina ileile sikutaka. Nikaamua kuunda ya volti 48 kwa mikono yangu, nione mota ile ina uwezo gani hasa.

Tangu hapo kazi yangu imekuwa kufukuzana na ubovu unaohama. Kila sehemu niliyoiimarisha ilikwenda kuionea ya jirani yake.

Seli

Betri za laptop zilizokufa zinapatikana kwa mafundi kwa bei ya kutupa, na ukizipasua utakuta seli nyingi bado zina uhai. Nilizipima kwa LiitoKala, chaja inayopima seli inabeba umeme kiasi gani, baadhi zikatoa mAh 1800 hata 2000. Hata hivyo nimezitenga kwa ajili ya taa za nyumbani. Hesabu ndiyo iliyozikataa. Kontrola niliyopanga kufunga, yaani kifaa kinachogawa umeme wa betri kwa mota, inavuta ampea 20 ikibanwa mlimani. Seli zikiungwa nne nne kwa sambamba, kila moja inatakiwa kutoa ampea 5, na seli nyingi za laptop za mAh 2200 hazikuundwa kutoa zaidi ya ampea 4 na ushee. Kila mlima zingechemka.

Nikaagiza seli mpya za Samsung 35E, ambazo zinavumilia ampea 8 kila moja. Shida ya seli mpya ni feki. Lebo haisemi kitu, lebo inachapishwa popote. Uzito ndio unaosema: seli halisi ya aina hii ina gramu 48 hivi hadi 50, na zile zinazouzwa kwa maandishi ya mAh 9900 huwa nyepesi mno. (Hakuna seli ya saizi hii, 18650, inayofikia hata nusu ya hiyo 9900, kwa hiyo ukiiona namba hiyo huhitaji hata mizani.) Mizani ya jikoni kwangu inaruka gramu tano tano, nikazibeba hadi kwa sonara ninayefahamiana naye. Mzee akaweka moja, akaweka ya pili, ya tatu.

“Mwanangu, hii ndiyo dhahabu gani?”

“Betri ya baiskeli, mzee.”

“Basi zimelingana kuliko pete zangu.”

Mkanda wa nikeli nao una ujanja wake. Sokoni kuna nikeli tupu na kuna chuma kilichopakwa nikeli, na kwa macho vinafanana kabisa. Chuma hupitisha umeme kwa taabu zaidi, kwa hiyo hupata joto mahali ambapo hutaki joto. Nilikwangua vipande viwili kwa msasa, nikavilaza kwenye kikombe cha maji ya bahari usiku kucha. Asubuhi kimoja kilikuwa na mstari wa kutu palepale nilipokwangua. Mkanda wa kipande hicho nikamrudishia muuzaji, bila ugomvi. Yeye mwenyewe alikuwa hajui anauza nini.

Seli 52 zikapangwa makundi 13 ya nne nne, makundi yakiungwa kwa mfululizo. Kabla ya kuchomelea, kila kichwa cha chanya kinavishwa pete ya karatasi ngumu. Hili watu hulipuuza: mwili mzima wa seli, hadi ukingoni juu, ni hasi, na chanya ni kile kifuniko kidogo cha katikati tu. Ganda la plastiki likichubuka pale chini ya mkanda, umepata shoti isiyo na fyuzi. Jambo la pili ni waya nyembamba za BMS, saketi inayozilinda seli. Usichomeke plagi yake kabla hujapima waya mmoja baada ya mwingine kuanzia hasi kuu. Seli zikiwa na volti 3.6, namba zinapanda 3.6, 7.2, 10.8, na kuendelea. Ukikuta moja imeruka au imerudi nyuma, kuna waya umekaa kusiko kwake, na BMS haitakusamehe.

Betri ikijaa inasoma volti 54.6. Ina kama wati-saa 650, na kwa mwendo wangu inakula wati-saa 13 hivi kwa kilomita, kwa hiyo kwenda na kurudi Pongwe kunabakiza akiba. Kuijaza kutoka sifuri, pamoja na kinachopotea kwenye chaja, ni robo tatu ya uniti. Kwa bei ya LUKU ya mteja wa kawaida, shilingi 356 hivi kwa uniti pamoja na kodi, ni chini ya shilingi 300.

Kontrola

Hapa sikukawia. Nilifungua kontrola ya zamani nikasoma kikomo kilichoandikwa kwenye kapasita zake kubwa: volti 50. Betri yangu ikijaa imeshazipita. Nimefunga ya 36/48 yenye kapasita za volti 63. Kwa kuwa kila unapochomeka betri kapasita zile hunywa umeme kwa mkupuo na kupiga cheche inayokula kichwa cha plagi, nimeweka plagi ya XT90-S, ambayo ina rezista ndani inayozijaza polepole kwanza. Cheche imekwisha.

Ekseli

Mbio ziliongezeka karibu theluthi, kama volti zilivyoongezeka, na kwenye kuondoka baiskeli sasa inakusukuma mgongoni. Furaha hiyo ilinipeleka moja kwa moja kwa fundi welda. Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli inataka kuzunguka nyuma kwa nguvu ileile, na kinachoizuia ni bapa mbili za milimita 10 zilizokaa kwenye mdomo wa fremu. Nilipolegeza nati kukagua, ukingo wa mdomo upande wa kushoto ulikuwa umeanza kung'aa, chuma kikiwa kimelalia kidogo.

Fundi aliinama, akapitisha kidole. “Kaka, hii ikizunguka inakata waya zote za mota. Na wewe unaruka.”

Tukakata kipande cha chuma cha milimita 6, tukatoboa tundu na kulipiga tupa taratibu mpaka likashika bapa za ekseli bila mchezo wowote, kisha mwisho wake mwingine ukafungwa kwenye bomba la fremu kwa klipu mbili. Upande wa pili vilevile. Tupa ilichukua muda kuliko yote, lakini hapo ndipo penye kazi: tundu likipwaya hata nusu milimita, chuma kile ni pambo.

Masika

Mvua za Aprili zilileta kitu kipya. Baiskeli ikawa inashtuka: inavuta, inaacha, inavuta. Ukiinyanyua gurudumu hewani linazunguka vizuri, ukipanda inakohoa. Dalili hizo huelekeza kwenye sensa za hol, vijidude vitatu ndani ya mota vinavyoiambia kontrola sumaku zimefika wapi. Kipimo chake ni rahisi: washa baiskeli, weka multimita kati ya waya mweusi na mmoja wa njano, kijani au bluu zile nyembamba, kisha zungusha gurudumu polepole kwa mkono kwa kurudi nyuma. Namba inatakiwa kuruka kutoka karibu 0 hadi karibu 5 na kurudi. Njano iliruka, kijani ikaruka, bluu ikaganda kwenye 2 na pointi.

Watu wengi hapa wangefungua mota. Mimi nilianza na plagi, ile ya mviringo yenye pini 9, na ndani yake pini moja nyembamba ilikuwa imevaa unga wa kijani. Shaba, maji na chumvi ya upepo wa bahari. Spiriti, mswaki wa zamani, ikakauka juani, nikapaka grisi ya silikoni, bluu ikarudi kuruka. Kisha nikaufunga waya wa mota upya ili uning'inie chini kabla ya kupanda kuingia kwenye ekseli, maji yadondokee pale chini badala ya kufuata waya hadi ndani.

Ukiishi pwani, hii plagi ifungue kila masika yakianza na yakiisha, hata kama hakuna kinachosumbua.

Breki, cheni, spoki

Breki ya mbele nimetoa diski ya milimita 160 nikaweka ya 180 na adapta yake. Swichi za kukata mota kwenye mikono ya breki nilizikuta zipo, zinafanya kazi, sikuzigusa.

Cheni napima kwa rula ya chuma: viungo 12 vya cheni mpya (cha nje na cha ndani nahesabu kimoja) ni inchi 12 kamili, pini hadi pini. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi naitoa, maana ikiachwa inatafuna meno ya gia na gharama inakuwa nyingine. Kwa mota hii inachakaa haraka, hasa nikisahau kuteremsha gia kabla ya kuondoka taa za barabarani.

Ubovu kwa sasa umehamia kwenye spoki. Mbili zimekatika upande wa gia, zote pale kwenye kona zinapoingia kwenye mota. Fundi baiskeli wa Ngamiani aligonga moja moja kwa bisibisi akisikiliza mlio, akanionyesha kwamba za upande ule zilikuwa zinatofautiana sana, nyingine zinalia, nyingine kimya. Amezilinganisha na kuweka mbili mpya. Nimeshaagiza seti nzima ya unene wa geji 13, na zikifika gurudumu litasukwa upya. Mota ikiwa chini siku hiyo nitaifungua na kuangalia gia zake za nailoni na grisi yake, kwa sababu kuna mlio mwembamba unaoanza ninapopita kilomita 30 kwa saa, na huo haukuwepo enzi za volti 36.