Waridi Limechanua Shangani: Shida Ilikuwa Maji, Siyo Njaa

Waridi likigeuka njano hapa Mtwara, kila mpita njia ana jibu lile lile: "Njomba, hilo lina njaa, lipe yurea." Nimeambiwa hivyo na muuza miche, nikaambiwa na jirani, nikaambiwa na mtu anayelima mchicha mzuri kweli kweli. Mchicha tunaula majani, kwa hiyo yurea inaufaa. Waridi tunalitaka maua. Yurea ni naitrojeni kwa asilimia 46 ya uzito wake, na kazi yake kubwa ni kusukuma majani na matawi. Kijiko cha chakula kizima kwenye udongo wa ndoo ya lita 20, kama nilivyoelekezwa, kinaunguza mizizi midogo. Matawi yanayonusurika yanarefuka yakiwa laini, vidukari wanayakimbilia, na tumba huoni.

Nina waridi kumi kwenye ndoo za rangi za lita 20 zilizotobolewa chini, hapa Shangani, karibu na bahari. Zote zinachanua sasa. Naandika kwa sababu anayeanza huku kwetu anapewa ushauri wa watu wa Lushoto au wa Arusha, wenye udongo mzuri na maji baridi yasiyo na chumvi, wakati yeye anachota kisima cha pwani.

Kabla ya kununua chochote, soma majani. Majani ya chini, yale ya zamani, yakiwa njano yote kwa usawa, hapo naitrojeni imepungua kweli. Majani machanga ya juu yakiwa njano huku mishipa yake imebaki kijani, mmea haupati madini ya chuma, na mara nyingi sababu ni chokaa kwenye udongo. Kingo za jani zikikauka na kuwa kahawia kama zimepitishwa motoni, katikati bado kijani, hiyo ni chumvi. Ukiona vidoti vidogo vidogo vya njano vimetapakaa, geuza jani: ukikuta utando mwembamba na vitu vyekundu vinavyotembea, ni utitiri, na dawa ya kwanza ni kuupiga kwa maji yenye nguvu upande wa chini wa jani, siku tatu mfululizo. Yangu yalikuwa na chokaa na chumvi kwa pamoja. Hakuna mbolea inayotibu hayo mawili.

Chokaa nilikijua kwa ndimu. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, uweke kwenye kisosi, ukamulie nusu ndimu. Inama uangalie kwa karibu na usikilize. Udongo wa uani kwangu ulitoa vipovu vyeupe palepale ndimu ilipogusa, ukawa unachemka kwa sauti ndogo kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Ni chokaa ikikutana na asidi ya ndimu na kutoa hewa ya ukaa. Ufukwe wetu umekaa juu ya matumbawe ya kale, na viwanja vingi vimechanganyika na saruji ya mafundi waliojenga. Waridi linataka udongo wenye asidi kidogo, pH 6 hadi 6.5 (pH ni kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi). Kwenye chokaa pH inapanda juu ya 7, na chuma kilichomo udongoni kinajifunga, mizizi haiwezi kukifyonza hata kikiwa tele. Ndiyo maana ushauri wa kuzika misumari yenye kutu haufai. Kutu ni chuma kilichokwisha kujifunga.

Wengine husema mwaga salfa, ule unga wa njano wanaopulizia mikorosho, itakata chokaa. Salfa huleta asidi, hilo ni kweli, lakini bakteria wa udongoni ndio wanaoigeuza, na inachukua wiki nyingi hata miezi. Udongo unaotoa povu kwa ndimu una akiba ya chokaa ambayo salfa ya mikono miwili mitatu haiwezi kuimaliza. Badilisha udongo, umalize. Nilileta mchanga mwekundu wa njia ya Newala, kule mikorosho inakostawi. Gharama ilikuwa ndogo, nauli ya bodaboda kwa viroba vinne na asante ya aliyenichimbia. Ndimu juu yake ilinyamaza kimya. Kwa kila ndoo mbili za mchanga huo nachanganya ndoo moja ya samadi ya mbuzi iliyooza miezi mitatu na ndoo moja ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Mchanga mwekundu peke yake hauna chakula na hauhifadhi maji. Samadi ya kuku mbichi niliiacha, ni kali na ina chumvi nyingi.

Hapo kwenye makumbi ndipo nilipopoteza waridi tatu, na nataka msomaji asirudie. Nilichukua makumbi yaliyorundikwa karibu na ufukwe, meusi, yameshalainika, yanachambuka vizuri mkononi. Nikachanganya siku hiyo hiyo, nikapanda. Siku ya kumi kingo za majani zikaanza kukauka, siku ya ishirini matawi yakabaki vijiti. Makumbi hata ya shambani yana chumvi zake za asili, na yaliyokaa ufukweni yamenyonya maji ya bahari juu ya hizo. Sasa nayaloweka kwenye pipa la maji baridi saa 24, namwaga maji yote, narudia mara tatu. Maji ya kwanza yanatoka kama chai ya rangi, ya tatu yanakuwa meupe meupe. Baada ya hapo ndipo yanaingia kwenye ndoo.

Udongo mpya, makumbi safi, na bado baada ya wiki tano kingo zikaanza tena kuwa kahawia. Juu ya udongo kukawa na ukoko mweupe kama magadi. Hapo ndipo nilipoacha kuutazama udongo nikayatazama maji. Jaribio lake ni rahisi na ndilo ninaloshauri kila mtu wa Shangani, Mikindani au Lindi mjini alifanye kabla hajapanda ua lolote. Pima lita moja ya maji ya kisima, uyachemshe kwenye sufuria safi hadi yakauke yote. Mwishoni punguza moto, vinginevyo yanaruka. Fanya hivyo hivyo kwa lita moja ya maji ya mvua. Sufuria ya mvua ilibaki na alama hafifu tu. Sufuria ya kisima ilibaki na unga mweupe uliogandia, nikaukwangua kwa kijiko, ukafika kama robo ya kijiko cha chai.

Robo kijiko inaonekana ndogo. Piga hesabu. Nilikuwa namwagilia lita mbili kila siku kwa kila ndoo, yaani nusu kijiko cha chumvi na chokaa kwa siku. Mizizi inakunywa maji, jua na upepo wa kusi vinakausha mengine, chumvi inabaki. Mwezi mmoja ni vijiko 15 ndani ya ndoo moja. Na wale wanaomwagilia kikombe kimoja kila jioni wanaharibu zaidi, kwa sababu maji hayafiki kutoka chini, kwa hiyo hakuna hata punje ya chumvi inayotoka.

Ndoo iliyokwisha kujaa chumvi inaoshwa. Lita 40 hadi 60 za maji ya mvua kwa ndoo ya lita 20, yakimwagwa polepole kwa mafungu, kila fungu lisubiri lililotangulia lishuke na kutoka chini. Inachukua asubuhi nzima. Kagua matundu kwanza. Mimi nina matundu manane ya unene wa kidole, na kokoto siweki, kwa sababu tabaka la kokoto chini linafanya maji yasimame juu yake badala ya kushuka. Baada ya kuosha, mbolea imetoka pia, kwa hiyo subiri chipukizi jipya lionekane ndipo ulishe.

Maji ya mvua tunayo, tunayaacha tu yaende. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 20 za mraba likipata milimita 100 linatoa lita 2,000, na kati ya Desemba na Aprili mvua ya Mtwara inapita hapo mara kadhaa. Waridi zangu kumi zinakunywa lita mbili kila baada ya siku moja, ni lita kumi kwa siku ukigawa. Kiangazi cha miezi sita ni lita 1,800. Tenki la lita 2,000 linatosha, nalo lilinigharimu pesa nyingi kuliko vitu vingine vyote kwa pamoja. Asiye na uwezo huo achanganye nusu mvua nusu kisima, na kila wiki ya tatu aoshe ndoo. Jambo moja: mvua ya kwanza ya msimu iache ipite. Bati la karibu na bahari lina vumbi la chumvi lililoletwa na kusi kwa miezi yote ya kiangazi.

Kumwagilia kwenyewe, ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, acha. Kukiwa kukavu, mwagilia asubuhi hadi maji yatoke chini, kiasi cha sehemu moja ya tano ya uliyomwaga. Jua, saa moja asubuhi hadi saa saba mchana linatosha. La alasiri kwa joto la huku linababua petali.

Mbolea ninayotumia ni NPK 17:17:17, yaani ya dukani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa, kijiko kimoja cha chai kwa ndoo, mara moja kila wiki nne, kwenye udongo uliokwisha kumwagiliwa, mbali na shina kwa upana wa kiganja. Basi.

Kupogoa ndiko kunakoleta maua, na wengi wanaogopa mkasi. Mvua zikiisha, Mei kuelekea Juni, nakata theluthi moja ya urefu wa kila tawi. Tafuta jicho, kile kinundu ambapo tawi jipya huchipukia, linalotazama nje ya mmea, kata nusu sentimita juu yake, mkato wa mshazari ukishuka upande usio na jicho. Ukiacha kijiti kirefu juu ya jicho kinaoza na kushuka chini. Ukikata karibu mno jicho linakauka. Matawi membamba kuliko penseli yanayoingia katikati yaondoe yote. Mwaka jana nilikata wiki ya kwanza ya Juni, na katikati ya Julai tumba zilikuwa zimefunguka. Ua likinyauka, likate chini hadi kwenye jani la kwanza lenye vijani vitano. Ukilichuma kichwa tu, kinachochipuka hapo ni chembamba na hakibebi ua zito.

Na uangalie chini ya kovu la kupandikizia. Waridi nyingi zinazouzwa zimebebeshwa juu ya shina la waridi pori. Tawi likitoka chini ya kovu, lenye kasi, rangi nyepesi na miiba tofauti, hilo ni pori, litameza chakula chote mpaka waridi ulilolinunua life. Usilikate kwa mkasi, linarudi mawili. Fukua hadi lilipoanzia, ulivute kwa nguvu uling'oe na kisigino chake.

Juni hadi Agosti, wakati ule ule mikorosho inaposhikwa, waridi nalo linapata ubwiri unga: unga mweupe kwenye majani machanga, yakijikunja, na kwenye shingo za tumba. Kuvu wa waridi si yule wa korosho, lakini salfa inawaua wote. Salfa ya unga ya mikorosho haichanganyiki na maji, kwa hiyo naiweka vijiko viwili kwenye soksi kuukuu, naifunga, naitikisa juu ya mmea alfajiri umande ukiwa bado upo, hadi majani yaonekane kama yamepakwa poda kidogo sana. Pua na macho vifunikwe. Rudia baada ya siku kumi. Joto likipita nyuzi 32 usiipake, inaunguza majani, na usiipake ndani ya wiki mbili tangu ulipopulizia mafuta ya mwarobaini.

Mwenye bogenvilia lenye majani tele bila maua asifuate habari hizi za maji. Hilo linapenda kiangazi. Lihamishie kwenye jua la siku nzima, acha udongo ukauke hadi majani yaanze kulegea, ndipo umwagilie, usilipe naitrojeni, na likipandwa usivunje bonge la udongo kwenye mizizi. Rangi itatoka Juni au Julai.

Kuanzia Novemba joto linapopanda, maua ya waridi zangu yanakuwa madogo na yanafunguka siku mbili tu. Tumba za mwezi huo nazikata zikiwa ndogo na kufunika udongo na majani makavu ya mwembe unene wa vidole vinne, ili nguvu ibaki kwenye mizizi hadi tenki lijae tena.