Choroko kwanza, mengine baadaye

Jumanne, siku ya kazi. Kabatini kuna choroko, mchele, dagaa wakavu, pakiti ya nazi ya unga na vitunguu viwili, kimoja kimeanza kuota. Hicho ni chakula kamili cha watu wanne, na kinaiva ndani ya dakika 45 kwa jiko la mafiga mawili. Sharti ni kwamba choroko zibandikwe kabla ya jambo lingine lolote. Hata nguo za kazini zibadilishwe baadaye.

Maharage makavu leo yasahauliwe, labda kama yalilowekwa asubuhi. Choroko hazidai kulowekwa. Kikombe kimoja kinatosha: chagua mawe, mimina maji, na zile zinazoelea zitupe, kwani mara nyingi ndizo zilizotobolewa na fukusi. Bandika kwa vikombe vinne vya maji, moto mkali mpaka yachemke, kisha punguza. Baada ya dakika 30 hivi zitakuwa zimepasuka. Zisipopasuka, kosa huenda si lako. Choroko zilizokaa dukani mwaka mzima ni ngumu kama changarawe, na dawa yake ni muda na maji ya moto ya kuongezea. Usiongeze maji baridi katikati, utasimamisha uchemkaji na kurudi nyuma.

Watu huilaumu chumvi kwamba inazuia kuiva. Mimi nadhani inasingiziwa. Mkosaji hasa ni uchachu: nyanya, ndimu, ukwaju. Ukivitia choroko zikiwa bado na kiini kigumu, ganda linakaza na utangoja mpaka wenye njaa walale. Kwa hiyo nyanya zisubiri. Bonyeza punje moja kwa vidole. Ikipondeka yote, ndipo.

Huku nyuma, dagaa. Hapa inafaa kujua ulichonunua. Wale wa Ziwa Victoria mara nyingi huanikwa juani bila chumvi, na wakianikwa chini hubeba mchanga. Dagaa wa baharini, kama wa Unguja, huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo onja mmoja kabla hujashika kopo la chumvi. Gramu 100 zatosha. Toa vichwa na matumbo, ndiko uchungu uliko, kisha osha mara tatu kwa maji ya uvuguvugu. Wainue dagaa kwa mkono, usimwage maji wakiwa bado ndani: mchanga umetulia chini ya bakuli, ukiinamisha unawarudia. Maji yanayochemka nayo huwalainisha wakavunjika.

Wakaushe vizuri kwa kitambaa. Dagaa wenye maji hawakaangiki, wanachemkia ndani ya mafuta, na mafuta yanakurukia. Vijiko vinne vya mafuta, moto wa wastani, dakika nne au tano, ukigeuza polepole mpaka walie kavu wakigusana. Watoe. Kitunguu na pilipili vikaangwe kwa mafuta hayohayo, dagaa warudi, ndimu ikamuliwe moto ukiwa umeshazimwa.

Wali hauna hadithi ndefu. Vikombe viwili vya mchele, vitatu vya maji. Mchele mpya upunguzie robo kikombe, la sivyo utapata bokoboko. Maji yakikauka juu, funika na upunguze moto kabisa kwa dakika 12. Mwenye jiko la mkaa apalilie kama kawaida.

Sasa turudi kwenye choroko. Kaanga kitunguu cha pili, punje tatu za kitunguu saumu, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, kisha nyanya mbili au kijiko kimoja cha nyanya ya kopo. Ngoja mafuta yajitenge pembeni ndipo umimine choroko. Nazi ya unga ikorogwe kando, vijiko vinne vya chakula katika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Ukiinyunyiza moja kwa moja chunguni inafanya madonge, na hayayeyuki tena hata ukikoroga mpaka mkono uchoke. Tui likishaingia, moto mdogo, bila kifuniko, mwiko usitulie, dakika tano. Likitokota kwa nguvu linakatika, mafuta juu, chenga chini. Linalika bado, lakini ule uzito wake umekwenda.

Kama unajua zitabaki za kesho, chota sehemu yake kabla ya kutia tui, iache ipoe, weka kwenye friji. Chakula cha nazi kikilala mezani kwenye joto la Pwani, asubuhi kimeshachacha.