Siku moja na makala moja: kutoka Buruburu hadi Kariokor

Saa 11 alfajiri. Mtaani kwetu Buruburu, Nairobi, bado kumetulia, isipokuwa makanga mmoja kule steji anayewaita abiria wa kwanza. Nachemsha chai, naketi kwenye meza ya jikoni, simu naiacha chumbani. Kabla ya kuandika neno jipya nasoma nilichoandika jana, tena kwa sauti, kama ninayemsomea mtu. Macho yangu yameshaizoea rasimu na huyaruka makosa. Ulimi ukikwama ndipo ninapojua pana tatizo.

Makala ya wiki hii ni ya mafundi wanaotengeneza viatu vya ngozi katika soko la Kariokor. Leo ni Jumatano na lazima itoke kesho asubuhi. Rasimu inaanza hivi: "Utengenezaji wa viatu vya ngozi ni shughuli ambayo imekuwa ikifanywa na mafundi mbalimbali katika soko la Kariokor kwa muda mrefu." Pumzi ilinikatikia kwenye "ambayo imekuwa ikifanywa". Nikaitazama tena. Fundi yuko wapi humo? Amesukumwa nyuma ya nomino ndefu, na kitenzi chake kimefungwa kamba. Hiki ni Kiingereza cha ripoti kilichoazima maneno yetu. Ukiniuliza jirani yangu ameshindaje, sitakwambia kwamba ushonaji wa nguo umefanywa naye. Nitakwambia ameshinda akishona.

Nikaiandika upya mara nne. Ya nne ilisema: "Mafundi wa Kariokor hukaa bega kwa bega, na nyundo zao utazisikia kabla hujawaona wenyewe." Imebaki hiyo. Dakika arobaini kwa sentensi moja, na sioni kuwa ni nyingi, kwa maana msomaji wangu yuko kwenye matatu, ameshika simu kwa mkono mmoja. Asipomwona mtu katika mstari wa kwanza atapita zake.

Saa 1 asubuhi nafungua faili ninaloliita "Magugu". Ni orodha ya maneno yanayoota katika maandishi yangu bila kupandwa: "ni muhimu kutambua kuwa", "suala la", "mbalimbali", "katika ulimwengu wa leo", "kwa namna moja au nyingine". Natafuta moja baada ya jingine kwenye rasimu nzima kwa kile kitufe cha kutafuta. Leo "weza" ilijitokeza mara 11. "Anaweza kushona jozi moja" ikawa "hushona jozi moja". Nilipomaliza zilibaki mbili tu, na zote mbili zilikuwa na kazi. Nikimfundisha mtu kuandika, zoezi la kwanza litakuwa hili: jua magugu ya shamba lako mwenyewe, maana ya mwenzako si yako.

Kusahihisha kwa mashine nilikuzima zamani, kwenye simu na kwenye kompyuta. Nilikuwa nikiandika "hata" simu inaleta "hate". Mashine ikisahihisha lugha isiyoijua, mwandishi anaanza kuchagua maneno ambayo mashine haitayapigia mstari mwekundu, na hapo Kiswahili chake kinasinyaa bila yeye kujua. Badala yake nina Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 1981. Leo niliifungua kwa ajili ya neno "makubadhi". Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa; nyumbani viatu vya wazi vya ngozi ni makubadhi. Nairobi wengi hawalitumii neno hilo. Niliamua kulitumia, ila mara ya kwanza nililiweka mahali ambapo mguu, ngozi na ukanda vinaonekana, ili asiyelijua alielewe bila kufafanuliwa.

Saa 3 nilikuwa ndani ya matatu, Jogoo Road, foleni imeanzia mbali kabla ya City Stadium. Daftari huwa mapajani. Kila ukurasa nimeupiga mstari katikati: kushoto ninachokiona, kulia ninachokisikia. Upande wa kulia ndio unaoniokoa siku nikikaa chini kuandika.

Nilishuka mjini nikaenda kwanza Kenyatta Avenue, kwenye sanamu la watu watatu, lililowekwa kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika rasimu nilikuwa nimeeleza asili ya jina la Kariokor: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebea jeshi la Waingereza mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918. Jina hilohilo ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam. Kisha nikaongeza kwamba wapagazi hao "walitoa mchango mkubwa". Asubuhi sentensi hiyo ilinikaa vibaya mdomoni. Mchango gani? Sanamu lile liko pale tangu 1928, na maandishi yake ni ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Nimelipita mara nyingi sana bila kusimama. Leo nilisimama nikayasoma yote. Yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nilikifuta kile kipande cha mchango papo hapo, nimesimama, magari yakinipita pande zote mbili, nikaandika miguu na mikono. Halafu nikaihamisha habari yote ya jina kutoka aya ya pili hadi ya sita. Ni historia nzito, inastahili msomaji aliyekwisha kutulia.

Kariokor nilifika saa 5, nimeshika Racecourse Road kwa miguu. Fundi ninayemwandika ana umri wa baba yangu, kwa hiyo namwita mzee, naye ananiita dada. Nimejizoesha kumsomea mtu kipande kinachohusu kazi yake kabla hakijatoka. Sitafuti sifa; nataka anikosoe. Nikamsomea: "Kisha anaunganisha ngozi na soli."

"Hapana, dada," akasema. "Kuunganisha ni neno la shule. Sisi tunapiga gundi, tunaiacha ishike hewa kidogo, halafu tunabandika. Ukibandika ikiwa bichi, mteja atakurudia wiki ijayo na soli mkononi."

Akanionyesha. Alipaka gundi ya njano kwa kipande cha kadi, akaiweka soli pembeni, akaendelea na jozi nyingine. Baada ya muda akaigusa kwa mgongo wa kidole. Haikunata kidoleni ila ilikivuta kidogo. Akabandika, akageuza, akapiga nyundo kuanzia katikati kwenda ukingoni. Neno langu moja lilikuwa limemeza kazi yote hiyo.

Chakula cha mchana kilikuwa ugali na nyama choma hapohapo sokoni, na simulizi zake si za leo.

Saa 9 alasiri nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimeitoa makala kwenye karatasi katika saiba ya karibu, nikakaa nayo na kalamu nyekundu. Karatasini naona urefu wa aya kwa macho, naona mahali ambapo aya tatu zinaanza kwa "Aidha". Stima ilipotea saa 10 na nusu. Mwaka juzi ingenitia machozi, maana niliwahi kupoteza maneno 1,200 kwa namna hiyo, yote hayajahifadhiwa. Sasa ninachoandika hujihifadhi mtandaoni kila dakika, na karatasi haihitaji stima. Niliendelea dirishani mpaka jua likaisha.

Saa 2 usiku nilimpigia mama, Likoni. Kila Jumatano namsomea makala nzima, naye hajui kwamba yeye ndiye mhariri ninayemwogopa kuliko wote. Nasikiliza "enhe" zake. Zikifuatana, makala inakwenda. Leo zilikatika kwenye aya ya tatu, pale nilipoeleza bei za ngozi, na nikaitia alama ya kukatwa. Kwenye sanamu alinyamaza pia, lakini kimya kingine, kisha akasema babu yake alikuwa akiwataja watu wa kariakoo. Hakuwahi kuniambia hilo.

Nikafika kwenye gundi.

"Ngoja, mwanangu," akasema. "Hiyo gundi hupakwa ngozi au hupakwa soli?"

Nikafungua daftari, upande wa kushoto. Hupakwa kote kuwili. Nilikuwa nimeona, nimeandika, na katika makala sikusema. Nikakata simu, nikaongeza maneno matatu.